Mpiga Santuri Hanywi Kazini

Watu wa Kisarawe na Kibaha walipotaka kumwalika yule Mpiga Santuri kwenye shughuli, swali lao la kwanza halikuwa kama ana nyimbo mpya. Waliuliza, "Siku hizi anakunywa?" Ukijibu ndiyo, nusu ya wanafamilia walisema atawaharibia harusi. Ukijibu hapana, nusu iliyobaki ilinuna, ikasema mtu mkavu namna hiyo atawachezesha nani. Ubishi ulikwenda hivyo mpaka chai ikapoa, halafu wakamwalika, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Kwao hasa wapi, na alizaliwa mwaka gani, sikuwahi kumuuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia habari hizo. Nilimkuta yupo. Nilikuwa nimehamishiwa Kisarawe kutoka Iringa, binti wa miaka ishirini na sita, Bibi Maendeleo, nina baiskeli ya serikali na daftari la mihtasari. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha kina mama lishe, kuhimiza vyoo, na kuwakusanya watu kwenye mikutano ya vijiji vya ujamaa. Baada ya mwezi mmoja niligundua kwamba watu hawakusanyiki kwa ajili ya vyoo. Wanakusanyika kwa ajili ya muziki, kisha ukiwawahi kabla hawajatawanyika, unawaambia habari za vyoo. Kwa hiyo mimi na yeye tulifanya kazi pamoja karibu miaka kumi, ingawa jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote ya watumishi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya viua iliyokaa upande. Alisafiri kwa baiskeli. Nyuma alifunga betri ya lori kwa mipira ya tairi, mbele alining'iniza spika ya pembe, na mgongoni alibeba sanduku la santuri kama mama anavyombeba mtoto, kwa khanga. Kila santuri aliifuta kabla ya kuiweka, akaisemesha kidogo: "Haya mama, usiniangushe." Alinizidi miaka ishirini hivi, lakini aliniita Serikali. Nikimwamkia shikamoo, alijibu, "Marahaba, Serikali," kwa unyenyekevu kiasi kwamba sikujua nani hasa amemwamkia mwenzake.

Alipiga mchana tu, kwa sababu baiskeli haikuwa na taa. Ikikaribia magharibi alikusanya waya zake hata kama bwana harusi mwenyewe amempigia magoti.

Nyimbo zake alizigawa kama mganga anavyogawa dawa. Kulikuwa na za kuamsha, za kutuliza, za kuwapatanisha wakwe, na moja, alama yake msalaba wa chaki, ambayo ilikuwa ya kufukuza wageni. Mwenye shughuli akiona wali umekaribia kwisha na watu bado wamekaa, alimkonyeza. Mpiga Santuri aliiweka ile. Ulikuwa wimbo mzuri tu, sijui siri yake ilikuwa nini, lakini ukifika kati watu walianza kutafuta viatu. Niliuliza mara moja unafanyaje kazi. Akasema, "Serikali, hata mimi nikiusikia tu nataka kwenda kwetu."

Sasa, kuhusu pombe. Nieleze vizuri, maana wengi wamemsingizia.

Siku ambazo hakuwa na kazi alikunywa, tena alikunywa kweli. Tembo la mnazi ndilo alilolipenda, na lilimfanya mkarimu mno. Aligawa vitu. Aliwahi kumpa mtu asiyemjua kanzu aliyokuwa ameivaa, akarudi nyumbani na shuka ya kuazima. Ijumaa hakuikosa swala, Jumamosi hakuikosa klabu, na alipoulizwa vinakaaje pamoja hivyo viwili alisema vinakaa mbalimbali, kimoja Ijumaa na kingine Jumamosi. Lakini yote hayo yalikuwa mambo yake ya nyumbani. Kazini, miaka ile ya mwanzo niliyomfahamu, alikunywa kidogo kama kila mtu alivyokunywa, kikombe kimoja au viwili alivyoletewa na wenyeji, na hakuna aliyeona neno. Mpaka ilipofika siku ya kisima.

Kijiji kimoja upande wa Mzenga kilikuwa kimechimba kisima kwa nguvu za wananchi, na mimi ndiye niliyesimamia uzinduzi. Mgeni rasmi alikuwa afike saa nne asubuhi. Saa sita hakufika. Saa saba akina mama wa ngoma walikuwa wamekaa chini, watoto wa shule wamelegea juani kama majani ya mihogo, na wanaume wameanza kukumbuka mashamba yao, ambayo siku nyingine hawakuyakumbuka. Mpiga Santuri ndiye pekee aliyewashikilia. Alipiga za kuamsha zote, akazirudia.

Nilimwona anafuta jasho. Nikamwita mzee mmoja mgema, mtu mwema sana, nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kama nilivyoyasema: "Baba, mpeni yule fundi chochote anachotaka, asije akachoka."

Mzee yule alinisikia vizuri kupita nilivyokusudia. Alimpelekea kibuyu.

Mgeni rasmi alifika saa tisa. Vumbi la gari lilipoonekana, watu waliinuka, watoto wakajipanga, mgambo wakakaza mikanda. Ratiba ilisema: mgeni atashuka, atasimama mbele ya kisima, utapigwa wimbo wa taifa. Nikampungia mkono Mpiga Santuri. Naye akanipungia, kwa mikono yote miwili, na hapo ningeelewa kama ningekuwa na akili.

Santuri ya wimbo wa taifa ilikuwa na karatasi nyekundu katikati. Ilikuwapo nyingine yenye karatasi nyekundu, nayo ilikuwa ya rumba, mwanamume anamlilia mke aliyemkimbia na kuchukua godoro.

Gitaa lilipoanza nilijua ni ipi imewekwa. Lakini mgeni rasmi alikuwa tayari amesimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Na kwa kuwa yeye amesimama wima, mwenyekiti wa kijiji akasimama wima. Mgambo wakapiga saluti. Watoto mia wakakauka. Nani angekuwa wa kwanza kukaa? Mzee mmoja nyuma alivua kofia akaiweka kifuani.

"Rudi mpenzi," ikaimba spika kutoka juu ya mkorosho, "na kama hurudi, rudisha hata godoro."

Tulisimama wote. Nilimtazama mgeni rasmi kwa pembe ya jicho. Jasho lilimtiririka shingoni na hakupepesa. Nadhani alifikiri ni wimbo mpya ambao waraka wake haujamfikia, na hakutaka kuonekana mtu wa nyuma. Nikamtazama Mpiga Santuri, nikitumaini atainua sindano. Yeye naye alikuwa amesimama wima nyuma ya meza yake, kofia mkononi, machozi yanamtoka. Lile godoro lilikuwa limemgusa.

Kibwagizo kilirudiwa mara nne. Wimbo ulipokwisha, mgeni rasmi akasema, "Kidumu Chama," watu wakaitikia kwa sauti kubwa ajabu, kisima kikazinduliwa. Maji yalitoka. Hilo nataka lijulikane, maji yalitoka.

Wiki iliyofuata ilikuja barua kutoka wilayani ikiuliza nani alichagua wimbo. Kijiji kikaitisha kikao, nami nikaitwa kuandika muhtasari. Mpiga Santuri alikuja amenyoa, amevaa kanzu safi. Akaulizwa kama alikuwa amelewa. Akasema ndiyo. Akaulizwa pombe alipewa na nani.

Nilikuwa nimeinamia daftari. Kalamu iliganda. Nilikuwa kijana, kazi ndiyo tegemeo langu, na barua ile ilikuwa mezani mbele ya macho yangu na mhuri wake. Yule mgema alinitazama. Nikamsikia Mpiga Santuri akisema, "Kikombe nilikishika mwenyewe. Andikeni hivyo."

Nikaandika hivyo. Mungu anisamehe, niliandika hivyo, kwa mwandiko mzuri.

Uamuzi ulikuwa kwamba chombo cha kuwaburudisha wananchi hakiwezi kuachiwa mlevi. Mashine, spika, betri na santuri vikachukuliwa vikawekwa ofisi ya kijiji, viwe mali ya wote, na katibu wa kijiji akateuliwa kuwa mpiga santuri kwa sababu maishani mwake hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha. Mpiga Santuri aliomba kitu kimoja tu: wasiziweke santuri karibu na dirisha, jua litazipinda. Kisha akaondoka akisukuma baiskeli tupu. Nilimtazama mpaka alipopinda njia ya Kibaha, na muhtasari wangu ulionekana mzito kuliko daftari lenyewe.

Katibu alikuwa mtu mwaminifu, na alikuwa mkavu kama alivyosifiwa. Alizipanga santuri kwa alfabeti, kama mafaili. Alianzia A, na hakuruka. Ukimwomba wimbo, alikuambia utafika zamu yake. Kila wimbo ulipokwisha alitangaza, "Huo umekwisha," akasubiri kidogo, ndipo akaweka mwingine. Kwenye harusi ya kwanza aliyopiga, bibi harusi aliingia uani wakati alfabeti imefika K, nao ukawa wimbo wa kwaheri, wa kumuaga rafiki anayekwenda asikorudi. Nyanya yake bibi harusi aliangua kilio, akadhani kuna msiba umefichwa. Ilibidi apewe maji na aonyeshwe jamaa zake mmoja mmoja kuwa wote wazima.

Mkutano wangu uliofuata, wa lishe, ulihudhuriwa na watu saba, na watatu kati yao walikuwa wamekuja kumwona katibu akitangaza.

Kina mama ndio waliodai kikao cha pili. Kilifanyika uwanjani, kijiji kizima, na sijawahi kuona watu wa Mzenga wakijadili jambo kwa moto namna ile, hata bei ya korosho. Sheikh alisimama kwanza. Alisema suala halina mjadala, anayekunywa asifanye kazi ya watu. Mgema akasimama akasema yeye haoni kosa, mbona seremala hunywa na viti vinakalika?

"Kiti chako wewe kilinitupa chini Idi iliyopita," mtu akamwambia seremala mwenyewe.

"Kwa sababu ya unene wako!"

Mama mmoja, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, akasema, "Jamani, tulimpata asiyekunywa, tumeona. Mimi binti yangu anaolewa mwezi ujao, jina lake Zuhura, akiingia kwa alfabeti, zamu yake itafika kesho yake!" Watu wakacheka, hata katibu akacheka kidogo, akasema kwa kweli yeye mwenyewe angependa kurudi kwenye mafaili.

Halafu mwenyekiti akasema tatizo ni lile lile, mtu aliyelewa mbele ya mgeni rasmi kwa tamaa yake mwenyewe hawezi kuaminiwa tena. Hapo nikajikuta nimesimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Mwenyekiti, ile pombe niliiagiza mimi."

Nikaeleza yote, nilivyomwambia mzee, na nilivyokaa kimya kikao cha kwanza. Nikasema nitaandika hivyo hivyo kwenda wilayani. Mpiga Santuri alikuwa amekaa mwisho kabisa na mkewe. Alisimama ameudhika kabisa. "Serikali, kaa chini! Mimi nimeshalichukua hili, wewe unalinyang'anya kwa nini?"

"Si lako, baba."

"Kibuyu kizima ulikunywa wewe?"

Watu wakashindwa kujizuia, wakacheka tena, na mwenyekiti akacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuokoa sote wawili. Wilayani niliandika. Nilipata karipio la maandishi, ukurasa mmoja, na wala sikufukuzwa.

Aliyemaliza mjadala alikuwa mkewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mnyamavu, mcha Mungu, aliyemvumilia kwa miaka mingi. Alisema mashine zirudi nyumbani, sanduku litakuwa na kufuli, na ufunguo ataushika yeye. "Siku ya kazi atakuja mbele yangu apulize. Nikisikia harufu, ufunguo hautoki. Na mkinisikia nimedanganya, njooni mchukue vyote, na mimi mnichukue."

Nikaandika kwenye muhtasari: *Mke wake athibitishe kwa pua.* Mwenyekiti alitaka nibadilishe maneno, tukatafuta mengine, hatukupata.

Tangu siku hiyo Mpiga Santuri hakunywa kazini. Nilishuhudia mwenyewe mara nyingi, pale mlangoni kwake, mzee mzima amejiinamisha kwa sababu mkewe ni mfupi.

"Puliza."

Akapuliza.

"Tena."

"Mke wangu, pumzi zenyewe zinakwisha."

"Umekula kitunguu kuficha?"

"Nimekula kitunguu kwa sababu wewe umekipika!"

Siku mbili ninazozijua ufunguo haukutoka, na harusi ya watu ikachezwa kwa ngoma. Hakumgombeza mkewe hata neno. Alikwenda kwenye harusi hiyo hiyo kwa miguu kuomba radhi, kisha akakaa kusaidia kumenya nazi.

Kigumu zaidi kilikuwa wenyeji. Mtu akikuletea kikombe mbele za watu, ukikataa umemvunjia heshima. Kwa hiyo alivipokea vyote kwa mikono miwili, akashukuru, akavipanga chini ya meza nyuma ya betri. Vikombe vilikuwa na sababu: kila aliyeleta alitaka wimbo wake utangulie. Harusi moja ya Visiga nilihesabu tisa. Bata wa wenye nyumba akaviona. Tulikuwa katikati ya wimbo wa kuwapatanisha wakwe, yule bata alipotoka chini ya meza, akaingia uwanjani baina ya wacheza dansi, akazunguka mara mbili kwa madaha, akamwendea baba mkwe akamlalia kiatuni. Baba mkwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajatabasamu, alicheka mpaka akashikwa. Wakwe wakapatana. Mpiga Santuri alisema baadaye kuwa angekuwa na bata yule kila mahali, angeuza nusu ya santuri.

Lakini nisimfanye malaika. Kuacha kunywa kazini kulimfanya mwenye kujidai kidogo. Alianza kuwasema wapiga ngoma waliokunywa. Aliwahi kunikaripia mimi, mbele ya kina mama wa lishe, kwa kunywa soda wakati wa kazi, akidai gesi pia hupanda kichwani. Na kesho yake, siku ambayo hakuwa na kazi, nilimkuta barabarani Mlandizi anampa mpita njia viatu vyake.

Nilihamishwa tena, nikaenda Singida, nikaolewa huko. Niliporudi mkoa wa Pwani, safari hii ofisi za Kibaha, miaka ya themanini ilikuwa imeingia na hali imekuwa ngumu. Sabuni ya shida, sukari ya shida. Nilisikia Mpiga Santuri ameacha kazi. Sindano hazipatikani, matairi ya baiskeli hayapatikani.

Nikamwona alasiri moja Visiga, kwenye harusi ya mtoto wa mwenzangu wa ofisini. Muziki ulikuwa wa kijana kutoka Dar es Salaam, wanaomwita dijei, mwenye kaseti, spika kubwa kama makabati na suruali pana miguuni. Kando ya mashine aliweka bia, akainywa wazi mbele ya watu wote, ikiisha akaletewa nyingine. Nilitafuta kiti karibu, nikajiandaa kwa msiba.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mvi zimejaa, mkewe ubavuni. Nilimwamkia. Alinitazama muda, kisha uso ukafunguka. "Marahaba, Serikali! Umenenepa, vizuri sana."

Tulikaa tukimtazama kijana. Alibadilisha kaseti bila kukosea, akaongeza sauti pale inapotakiwa, akapunguza pale wazee walipokuwa wakipita. Watu walicheza vizuri.

"Anakunywa," nikasema.

"Ya tatu ile."

"Na hakosei."

"Hakosei hata kidogo. Ni fundi."

Nikangoja aseme jambo. Miaka yote ile ya kupuliza, nilitaka aseme kijana ataharibikiwa, ngoja tu utaona. Alikuna kidevu.

"Mimi ningekosea," akasema. "Muziki peke yake ulikuwa unanilevya, Serikali. Tangu santuri ya kwanza. Kile kikombe kilikuwa kinakuta nimeshalewa."

Kijana akaweka wimbo wa kasi. Mzee akasimama, akanyoosha kanzu, akaninyooshea mkono. Nikamtazama mkewe, naye akaniashiria niende, yeye magoti yanamuuma. Ndipo nikakumbuka kwamba katika shughuli zote zile, Kisarawe mpaka Kibaha, sikuwahi kumwona anacheza. Daima alikuwa nyuma ya meza.

Nikajua na sababu. Hakuweza. Mwanamume aliyewachezesha wilaya nzima alikuwa anarusha miguu kama mtu anayeua siafu, mabega yanakwenda kwingine, na mdundo aliuacha nyuma kabisa. Alinikanyaga mara ya kwanza, akaomba radhi. Alinikanyaga mara ya pili. Vijana wakatupisha, wakaanza kutupigia makofi. Wimbo ukabadilika, ukaja wa taratibu. Yeye akaendelea na ule uliopita.

Alikuwa anahema, kofia imehamia sikio la pili. Akanisogelea ili nisikie.

"Serikali," akasema, "kumbe watu walikuwa wanafanya hivi muda wote ule, mimi nimeinamia sindano?"

"Ndiyo, baba. Muda wote."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akanishika mkono vizuri zaidi, akanikanyaga tena.